Mipaina Niliyoipanda Kwenye Ntumba

Marahaba, marahaba. Kaeni. Siyo hapo, hizo mbao zinakauka, zikipinda nitasema ni makalio yako. Hapo kwenye gogo, haya.

Nawajua nyie. Mnakuja na "shikamoo bibi" ya sauti ya kanisani, huku jicho limeshafika nyuma ya nyumba linahesabu magogo yangu. Halafu mmoja anajikohoza, anatoa simu: "Bibi, yaani sisi kama vijana tumepata kashamba, tunataka tupande mipaina, sasa tunaomba uzoefu." Uzoefu! Mnautaka wa dakika ngapi, kabla bando halijaisha? Haya, washa hicho kidude kinase. Mimi kusoma sijui, kuandika sijui, darasani niliingia siku moja tu, kumpelekea mwalimu maziwa. Lakini mbao naisoma. Nipe ncha ya mbao nikwambie ilikulia wapi, ilikula nini, na mwaka gani ililala njaa.

Na msidhani nilifundishwa kwa upole. Nilijifunza kwa kuogopa. Mvua mbili nzima niliamini nimewaezekea watu wa kigango chetu, kanisa letu la kijijini, paa litakalowaangukia siku moja wakiwa wanaimba. Kwa mbao nilizozichagua mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Na sikumwambia mtu. Nikimwona mtoto amekaa chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, anachezea viatu vyake, macho yangu yalikuwa hayatoki juu.

Kosa lenyewe lilikuwa la Kifipa kabisa. Mtu wa kabila lingine asingeliweza.

Wakati ule Pius wangu yuko mgongoni. Kijiji kikatoa kilima kule ng'ambo ya Mollo, kipandwe miti, kila mtu apewe kipande chake cha kupanda na kutunza. Akaja bwana misitu, kijana mwembamba, buti kubwa kuliko yeye. Anasimama juu ya jiwe, kifua mbele: "Akina mama! Msonobari, huo mnaouita mpaina, ni mti wa nidhamu! Hatua tatu, shimo! Hatua tatu, shimo! Tumeelewana?" Tukaitikia, "Tumeelewana!" Akapanda pikipiki yake, akaenda zake mjini.

Sisi wanawake tulipewa chini, karibu na kijito, udongo mweusi. Juu kabisa, kwenye mgongo wa kilima, mawe matupu na upepo, akapewa Mzee Damiani. Huyu mshikeni vizuri kichwani. Alikuwa mzee mrefu wa ugoro, ujana wake wote aliumaliza kwenye mashamba ya miti kule Iringa, akarudi na msumeno mmoja na kikohozi. Akiongea, maneno yanapitia puani, tena hayana haraka. "Mama Piuuus," ananiita. "Mama Piuuus, udongo mzuri huo. Uangalie usikudanganye."

Mimi nikacheka. Udongo utanidanganyaje?

Sasa sikilizeni nilichofanya. Mama yangu alinifundisha kwamba Mfipa hapandi kitu kwenye ardhi yenye njaa. Unakata majani na udongo wake, unayakusanya, unayafunika, unajenga ntumba, kilima kidogo cha duara, majani yaozee humo ndani. Ndipo upande. Ukiona nyanda zetu hizi zimejaa vilima kama mikate, ndiyo hiyo. Nikamwangalia yule bwana misitu na hatua zake tatu nikasema moyoni, huyu ni mtoto wa watu tu, hajui kulima. Nikajenga ntumba kipande kizima. Kila ntumba, mpaina mmoja juu yake, kama malkia. Na siyo hatua tatu. Tano! Sita! Nafasi ya katikati nikaweka mahindi, ubavuni maharage. Nikajiona nina akili kuliko serikali.

Na iliota, jamani. Mwaka wa kwanza imenifika kiunoni. Wa tatu nainua shingo kuitazama. Watu wakitoka misa wanapitia kwangu kushangaa. Bwana misitu aliporudi, hata hakuona ntumba, mvua ilikuwa imeshazishusha. Akavua kofia. "Mama Pius! Wewe ni mfano wa kuigwa!" Akaleta wageni, wakaikumbatia miti yangu, wakapigwa picha. Mimi katikati, kitenge kipya.

Mzee Damiani alisimama pembeni anabana ugoro. Wageni walipoondoka akauzunguka mti mmoja, akaugonga kwa kidole. "Mama Piuuus. Mtoto anayevimba siyo anayenenepa."

"Wivu huo, mzee. Ya kwako huko juu kama vijiti vya kusugulia meno."

"Ndiyo," akasema. "Ni myembamba." Akapiga chafya, akapanda kilima chake.

Ya kwake kweli ilikuwa aibu. Aliipanda imebanana, hatua mbili na nusu. Huko juu baridi ya Juni inakaa kama imelipa kodi, na mvua ikinyesha maji yote yanatelemkia kwangu. Miti ikasimama imekondeana, imeshikana mabega kama watu wa msibani. Halafu siku moja nasikia panga, ko, ko, ko. Napanda kuangalia, namkuta anakata miti yake mwenyewe! Anakata mmoja, anaruka, anakata mwingine.

"Mzee! Umezaa ili uue?"

Hakunyanyua kichwa. "Ulezi unaupandaje, Mama Pius?"

"Naumwaga."

"Ukishaota?"

"Naupunguza."

"Mbona huulilii?"

Nikamwambia ulezi haupigwi picha na wageni. Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Halafu akaketi kwenye kisiki akaniambia kitu, na mimi nikakisikiliza kwa sikio moja, ndiyo maana leo nawaambia nyie kwa mdomo mzima. Alisema mpaina mtoto lazima uwe na majirani. Ukiwa na majirani hauna pa kunyooshea mikono, unaangalia juu tu, unanyooka. Matawi ya chini yanakosa jua, yanakufa yakiwa madogo, na hayo unayapogolea mapema kwa msumeno, siyo kwa panga, mti unaziba kovu. Wakishafika mahali wanagombana, unawapunguza, waliobaki wapumue. Ukichelewa kuwapunguza nao wanabaki vijiti, upepo ukija wanaanguka pamoja kama wamepangana. "Kwanza wabanane, halafu wapumue," alisema. "Wewe wa kwako umewaanzishia kupumua tangu kuzaliwa. Wamekuwa na mikono kama wapiganaji."

Kweli ilikuwa na mikono. Matawi ya mipaina yangu unene wa paja langu, na la wakati ule siyo hili mnaloliona. Sikuyapogolea hata moja. Nilisema kuni hizo, zinajikausha zenyewe.

Upepo wa Agosti ndio uliokuwa unanisumbua kidogo. Udongo wa ntumba ni laini, mizizi haina cha kushika, na mti uko peke yake, hauna wa kuuegemea. Basi mipaina yangu ikalala upande mmoja kama walevi wanaotoka kilabuni. Baadaye ikajikunja, shingo ikarudi juu, kiuno kikabaki kimepinda. Nikasema haidhuru, hata mume wangu Gaspari anatembea hivyo hivyo.

Gaspari huyo hapo ndani, anacheka. Cheka tu, baba, zamu yako inakuja.

Miaka ikaenda. Pius akaota ndevu. Kijiji kikaleta mashine ya dingdong, ile ya kupasulia mbao porini, na mimi nikawekwa yadi kupanga mbao. Kazi ya kupanga mbao watu wanaidharau, lakini ndiyo inayoharibu au kuokoa. Unaweka vijiti katikati ya kila safu, vinyooke juu ya vingine, hewa ipite. Unaweka kivulini. Jua la Oktoba la hapa kwetu likilamba mbao mbichi, asubuhi unaikuta imefanana na upinde. Na juu kabisa unaweka mawe, mbao isikie kuna mkubwa.

Ndipo kigango chetu kikawa kinaezekwa upya, kikubwa, cha kenchi. Kamati ikasema, "Mbao achague Mama Pius, ndiye mama wa yadi." Unadhani nilichagua zipi? Nilichagua zangu! Mipaina ya ntumba! Mbao pana, nyeupe, nzuri kama maziwa. Nikaziwekea msalaba wa mkaa kila moja, mwenyewe, huku naimba. Za Mzee Damiani zilikuwa rundo la pili, nyembamba nyembamba, nikasema hizi zitafaa uzio wa nguruwe.

Kabla lori halijaja nikaitwa kijiji cha Mwazye, shangazi yangu amefariki. Nikaenda, nikakaa siku za msiba zote. Kurudi nakuta kenchi ziko juu, mafundi waliotoka mjini wanapigilia bati. Wakamaliza, wakafunga dari, wakaondoka. Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la mbele. Padre alisoma injili, mimi nilikuwa nasoma dari.

Baada ya siku kadhaa Mzee Damiani akapita nyumbani na mkokoteni. "Mama Piuuus. Kuna mbao zako chache zimebaki yadi. Tengeneza kitanda." Nikashukuru. Nikafurahi kweli. Fundi wa palepale akatupigia kitanda cha tano kwa sita, kizuri, tukalala kama mabwana.

Kiangazi kikaingia. Kitanda kikaanza kuongea. Kwanza kinalia kidogo, kwii. Gaspari ananiambia, "Mke wangu, umenenepa." Mimi namwambia, "Ni dhambi zako hizo zina uzito." Ubao mmoja ukajikunja, mwingine ukajizungusha kama kamba inayosokotwa. Tukawa tunalala tumetelemkia upande mmoja, wote wawili ukutani. Halafu asubuhi moja, Gaspari kakaa tu pembeni avae kiatu, mguu mmoja, bado hata kamba hajafunga, paa! Ubavu mzima wa kitanda umekatika katikati. Hakuna hata kuchanika, umekatika wima kama muhogo mkavu. Mzee wa watu yuko sakafuni na kiatu mkononi, anasema kwa sauti ya kitoto: "Mama Pius, nimekosa nini?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaita fundi mpya aliyekuja kutoka Mbeya, Ambokile, kijana wa watu, Mmoraviani, ana penseli sikioni hata akiwa anakula. Akaingia: "Ugonile, mama! Tatizo liko wapi?" Akaokota kile kipande. Akakigeuza. Akakipima uzito kwenye kiganja. Akabonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama.

"Sasa mama. Hii ni mbao au ni mkate?"

"Mbao hiyo, ya mpaina."

"Mpaina huu ulilelewa kwenye sukari?" Akaniita dirishani kwenye mwanga. "Ona hizi pete. Kila mwaka mti unavaa pete. Sehemu hii nyeupe, pana, ni ya wakati wa mvua, unakua mbio, nyama laini. Huu mstari mweusi mwembamba ni mwisho wa mvua, unakua polepole, ndio mfupa. Mti mzuri nyama kidogo, mfupa mara nyingi. Wa kwako nyama tupu! Pete tatu zimejaza vidole vinne. Halafu ona fundo hili, kubwa kama kikombe, ndipo pamekatika. Na huku upande huu, wekundu huu, ni mti uliokuwa unaegemea. Ukiegemea unajijaza upande wa chini usianguke. Ukishakuwa mbao, ule wekundu ukikauka unajifupisha, unavuta mbao yote unaipinda. Mama, mbao hii usiweke hata rafu ya vikombe."

Mimi bado nilikuwa na kicheko mdomoni. Kikaganda.

Maana nilikuwa sioni tena kitanda. Nilikuwa naona paa la kigango.

Ambokile anauliza, "Mama, vipi, umeona kizunguzungu?" Nikasema hapana, moshi tu. Na jiko lilikuwa limezimwa.

Mngefanya nini nyie? Mngesema. Eeh, hapa kwenye gogo wote mashujaa. Mimi nilikuwa mama wa yadi. Nilikuwa nimemcheka Mzee Damiani miaka yote. Nikajiambia, pengine kenchi siyo kitanda. Pengine misumari ni mingi. Nikaanza kusali sana, watu wakadhani nimeokoka.

Nikahama benchi la mbele. Nikakaa nyuma mlangoni, na Gaspari nikamvuta, na wajukuu nikawavuta. Katekista wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, akaniona. "Mama Pius! Siku hizi umehamia kwa wachelewaji?" Nikasema miguu inauma. Kumbe nilikuwa nasikiliza. Bati likipata jua linasema tak, mimi nasimama nusu. Kwaya ikipiga ngoma, naangalia juu. Masomo ya mwaka ule wote sijui hata moja lilisema nini.

Mvua ya kwanza ikapita. Ya pili ikaja na upepo wake, na Jumapili moja ikaja mvua ya mawe. Mnaijua ya kwetu, inavyopiga bati hata Padre anafunga kitabu. Watu wakaongeza sauti ya wimbo. Mimi nikasikia juu kitu kimelia, kwii, kama kitanda changu. Nikawabeba wajukuu wawili, mmoja kila kwapa, nikatoka mbio nje kwenye mawe! Mawe ya barafu yananipiga kichwani, nimesimama uwanjani na watoto wanalia, na paa lile liko palepale, na milango imejaa vichwa vinaniangalia. Wimbo ulikufa kwa kicheko. Mpaka leo kuna wazee wakiniona wanajishika kichwa.

Halafu likatangazwa: Askofu anakuja kuwapa watoto Kipaimara, vigango vyote vinakusanyika kwetu. Kigango cha kukaa watu mia kitakaa watu wasiohesabika, watoto mbele, chini ya katikati ya paa. Usiku ule, hapana, wacha niseme kweli, ilikuwa mchana, napepeta ulezi, nikajikuta nahesabu watoto badala ya kupepeta. Nikasema basi. Nicheke, nichekwe, lakini watoto wa watu hawafi kwa kiburi cha kitenge changu.

Alhamisi asubuhi nikaazima ngazi kwa Ambokile, nikamdanganya nafuata popo. Nikachukua tochi. Kwenye kona ya sakristia kuna mlango mdogo wa darini. Nikapanda, mwanamke wa umri wangu, kanga imefungwa kiunoni, nikaingia huko juu kwenye joto na vumbi na mavi ya popo, maana popo nao walikuwepo kweli, Mungu hapendi mwongo.

Nikamulika kenchi ya kwanza, natafuta msalaba wangu wa mkaa.

Haupo.

Ya pili, haupo. Nikasema umefutika. Nikasogelea ncha ya mbao pale ilipokatwa, nikalamba kidole nikafuta vumbi. Jamani. Pete zimebanana, nyembamba, mfupa kwa mfupa. Mafundo madogo kama mbegu za maharage, yamekazana. Nikagonga kwa kifundo cha kidole: siyo ile buu ya maboga, ni ko, ko, inaimba. Nikabonyeza ukucha, ukucha ndio ulioumia. Na kwenye kila ncha niliyoimulika, pale pale karibu na nje, pete tatu nyembamba sana zimebanwa pamoja kama watoto watatu chini ya blanketi moja la Juni. Nikaijua. Ile ni miaka mitatu mvua ilipokatika mapema, huku bondeni mimi nilikuwa bado na unyevu wa kijito, wao juu kwenye mawe hawana kitu. Hakuna mti wangu hata mmoja ulioshinda njaa miaka ile. Hii ilikuwa miti ya juu. Vijiti vya kusugulia meno. Kenchi zote. Mpaka papi zinazoshika bati.

Nikakaa. Nililia, nikacheka, sijui kipi kilianza. Mvua mbili zikanitoka mabegani. Na kwa ile furaha nikasahau kwamba nimekaa kwenye dari, na dari siyo kenchi. Nikajisogeza nifute macho, mguu wangu wa kulia ukapita, pwaa, mpaka hapa, kwenye paja.

Chini alikuwepo katekista anapanga vitabu. Kitabu kikadondoka. Halafu ile tarumbeta, safari hii nyembamba kama filimbi: "Kwa jina la Baba! Wewe ni nani?"

Nikajibu kutoka juu, "Ni mimi, Mama Pius! Paa ni zima!"

"Mguu wako je?"

"Mguu nao mzima! Usiangalie!"

Walinitoa kwa ngazi mbili na wanaume watatu. Sikujali. Wakicheka nacheka nao. Na vumbi lile lile kichwani, kanga imechanika, nikaenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Damiani. Alikuwa amezeeka sana, amekaa mlangoni kwake anaota jua, mguu mmoja juu ya gogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Piuuus. Umetoka kwenye ntumba?"

"Nimetoka darini."

Akabana ugoro. Taratibu. Puani, kushoto, kulia. "Umesoma?"

"Nimesoma. Ulizibadilisha wewe, nilipokuwa msibani."

"Nilizibadilisha. Zako nikawapa wazifanye kingo za kumwagia zege la msingi wa shule, zikatumika zikatupwa. Kazi hiyo zinaifaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungesemaje?"

Nikafikiri. "Ningesema ni wivu."

"Mm." Akapiga chafya. "Kwa hiyo nikakuletea za kitanda. Nikasema mbao itamwambia yenyewe, mimi sina sauti kama ile. Nikasikia kitanda kimevunjika, nikacheka. Nikamwambia mke wangu, pika, Jumapili Mama Pius atakuja kuuliza. Hukuja. Nikasema Jumapili ijayo. Hukuja. Mama Piuuus, mvua mbili nakusubiri! Siku ile ya mawe nakuona unakimbia na watoto, nikasema sasa huyu ana nini?"

Yaani mzee wa watu alikuwa hajui kabisa! Alidhani nina kiburi tu. Na kiburi nilikuwa nacho, ndicho kilichonifunga mdomo. Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nasikiliza bati, nilivyowahamishia wajukuu mlangoni. Uso wake ukabadilika, ugoro ukabaki katikati ya vidole. Akasema kwa sauti ambayo haikupitia puani, mara ya kwanza naisikia: "Ningejua unaogopa, ningekuja siku hiyo hiyo. Nisamehe, dada yangu."

Dada yangu. Nikamnyang'anya ugoro nikabana na mimi, tukapiga chafya wote wawili kama mbuzi.

Basi, nyie na kashamba kenu. Nasikia mmoja wenu amesema "Bibi, ya siku hizi inavunwa miaka minane, mbolea tu." Nani kasema? Wewe mwenye kofia ya nyuma mbele. Mshikaji, njoo hapa. Katikati ya mti ni utoto wake. Kila mti utoto wake ni laini, hata wa Mzee Damiani. Mbao ya nguvu inakuja baadaye, inavaliwa juu ya utoto. Ukiuvuna bado mtoto, umepata utoto mtupu, na mbolea umeufanya utoto mnene. Piga boksi za nyanya, sikukatazi. Kenchi usinipigie. Na mvua za sasa zinachelewa, zinakatika, zinarudi kwa hasira. Basi angalia shamba lako liko wapi. La chini penye maji, bananisha zaidi mwanzoni, upunguze kwa mkono usiotetemeka. La juu penye njaa, usichelewe kuwapunguza, wataanza kunyang'anyana hata umande. Na pogolea. Na ntumba waachie maharage.

Miti yangu ya pili nilipanda hivyo, kwa mbegu aliyonichagulia yule mzee. Iko kule, nendeni mkaione. Mtasema imekonda. Semeni tu.

Mzee Damiani tulimzika mwaka juzi, na jeneza lake mbao nilichagua mimi, za mgongo wa juu. Nilizigonga moja moja mbele ya watu, wakadhani nimechanganyikiwa. Ambokile peke yake ndiye aliyeelewa, akanipokea, akaanza kupiga randa.

Na pale nilipotoboa dari wameweka kiraka, ubao mmoja rangi tofauti, mtauona Jumapili, katikati kabisa. Benchi langu liko chini yake. Mvua ikianza kupiga bati, watu bado wana tabia ya kugeuka kuniangalia kama nitakimbia. Wananikuta nimelala. Gaspari ananibonyeza kwa kiwiko, "Mama Pius, mahubiri." Namwambia niache, baba. Nina usingizi wa mvua mbili, bado sijaumaliza.